Descartes, Spinoza au Leibniz: Uanze na Nani Ukitaka Kuielewa Nadharia ya Maarifa?

Mtu anayeanza kusoma nadharia ya maarifa kwa bidii hukwama mapema kwenye uchaguzi mmoja. Katika wale wanafalsafa wa karne ya 17 walioshikilia kwamba akili ndiyo chimbuko la maarifa ya yakini, aanze na nani? Majina matatu hutajwa pamoja karibu kila mara: René Descartes, Baruch Spinoza na Gottfried Wilhelm Leibniz. Vitabu vya utangulizi huwaweka katika fungu moja la urazini, yaani msimamo wa kuipa akili kipaumbele mbele ya hisi, na msomaji hubaki akidhani kwamba watatu hao walisema jambo moja kwa sauti tofauti. Wanafunzi wa falsafa Makerere, waseminari wa Katigondo, na walimu wanaojisomea jioni huko Mbale au Arua hulipokea fungu hilo kama lilivyo, kisha huchukua kitabu chochote kinachopatikana maktabani. Nadhani hapo ndipo wengi wanapoipotezea falsafa hamu, kwa kuwa huanza na mwandishi asiyejibu swali linalowasumbua. Watatu hawa wanakubaliana kwamba akili inaweza kufika mahali ambapo hisi haziwezi kufika, lakini wanatofautiana vikali kuhusu namna inavyofika huko, na wanatofautiana zaidi kuhusu sababu ya sisi kukosea.

Yupo atakayeuliza kwa nini orodha hii haina Mwafrika. Hatata, andiko la lugha ya Geez linalohusishwa na Zera Yacob wa Ethiopia na mwaka 1667, linastahili kusomwa, maana linaipa akili ya mtu binafsi nafasi kubwa ya kupima mafundisho ya dini. Hata hivyo, tangu 1920, Carlo Conti Rossini alipodai kwamba andiko hilo ni la mmisionari wa Kiitalia wa karne ya 19, Giusto da Urbino, wataalamu hawajakubaliana juu ya mwandishi wake, na ubishi huo unahitaji makala yake yenyewe. Hapa nitabaki na watatu ambao mitaala hutuletea, kwa sababu ndio ambao wasomaji hukwama kati yao.

Vigezo

Nitawalinganisha kwa vigezo vitano: yakini inaanzia wapi, hisi zina kazi gani, kosa linatoka wapi, hoja ya kila mmoja inalegea wapi, na maandishi yake yanasomekaje kwa mtu anayesoma peke yake. Kigezo cha tatu kitapewa nafasi kubwa kuliko vingine. Kueleza jinsi tunavyojua ukweli ni kazi ambayo kila mwanafalsafa huifanya kwa ufasaha fulani, ila nguvu ya nadharia ya maarifa huonekana hasa inapolazimika kueleza jinsi mtu mwenye akili timamu na macho mazima anavyoamini uongo.

Ili ulinganisho usielee hewani, nitatumia mfano unaojulikana kwa wengi waliosafiri kwenda Masaka. Pale Kayabwe, ambapo barabara itokayo Kampala huvuka mstari wa ikweta, wageni huoneshwa mabeseni yenye tundu chini. Katika beseni lililowekwa hatua chache kaskazini mwa mstari hutiwa maji, kisha ua dogo huwekwa juu yake. Maji yanaposhuka, ua huzunguka kuelekea upande mmoja. Kusini mwa mstari ua huzunguka kuelekea upande wa pili. Juu ya mstari wenyewe maji hushuka bila kuzunguka. Mgeni huambiwa kwamba hiyo ni kazi ya mzunguko wa dunia, naye huondoka akiwa ameamini, mara nyingi akiwa na video kwenye simu yake. Fizikia inasema vingine: penye ikweta mzunguko wa dunia haupindishi mwendo wa mlalo hata kidogo, na hatua chache kutoka hapo athari yake ni ndogo mno kuweza kuyageuza maji ya beseni. Kinachoamua upande ni namna maji yalivyomiminwa na umbo la chombo. Sina neno na wanaoonesha jambo hilo. Kinachonivuta ni kwamba macho ya mgeni hayakudanganywa: ua kweli lilizunguka. Basi kosa liko wapi?

Yakini inaanzia wapi

Descartes, Mfaransa aliyezaliwa 1596 na kufariki Stockholm 1650, huanzia kwenye shaka. Katika Tafakari zake, zilizochapishwa kwa Kilatini mwaka 1641, anaweka kando kila jambo linaloweza kutiliwa shaka hata kidogo. Ushahidi wa hisi unaondoka kwa kuwa zimewahi kumdanganya. Dunia nzima inayomzunguka inaondoka kwa kuwa ndotoni pia mtu huona moto na karatasi mkononi. Hata hesabu inaondoka, kwa kuwa huenda kuna mdanganyifu mwenye nguvu anayemkosesha kila anapojumlisha. Kinachobaki ni kwamba yeye anayetilia shaka yupo, madhali anafikiri. Kutokana na yakini hiyo moja anatoa kanuni kwamba kila anachokiona kwa uwazi na upambanuzi ni kweli, kisha anaitia nguvu kwa hoja kwamba yupo Mungu asiyedanganya.

Spinoza, aliyezaliwa Amsterdam mwaka 1632, hakuiona haja ya kupita kwenye shaka hiyo. Kwake, mwenye wazo la kweli hujua papo hapo kwamba analo, na ukweli ni kipimo chake wenyewe na cha uongo pia, kama mwanga unavyojidhihirisha wenyewe na kulidhihirisha giza. Kwa hiyo haanzi na nafsi yake. Kitabu chake cha Maadili, kilichotoka 1677 baada ya kifo chake, kinaanza na fasili 8 na misingi 7, na kutoka hapo sehemu ya kwanza inathibitisha kauli 36 kwa mtindo wa jiometria ya Euclid. Kitu cha kwanza kinachofahamika ni kile kilichopo chenyewe na kinachoeleweka bila kutegemea kingine, anachokiita Mungu, yaani Maumbile. Mimi na wewe tunaingia baadaye, kama namna mojawapo ya kuwepo kwa hicho kimoja.

Leibniz, aliyezaliwa Leipzig mwaka 1646, huanzia kwenye kanuni mbili zinazoongoza kila hoja. Ya kwanza ni ya kutopingana: kauli inayojipinga yenyewe ni uongo. Ya pili ni ya sababu tosha: hakuna jambo linalokuwa hivi lilivyo bila sababu ya kuwa hivyo na si vinginevyo, hata kama mara nyingi hatuijui sababu hiyo. Kutokana nazo anatenganisha kweli za akili na kweli za mambo yaliyotukia. Kwamba pembetatu ina pande tatu ni kweli ya akili, na kinyume chake hakiwezekani. Kwamba bwawa la Owen Falls pale Jinja lilizinduliwa mwaka 1954 ni kweli ya tukio: ndivyo ilivyo, lakini lingeweza kuzinduliwa mwaka mwingine au lisijengwe kabisa. Tofauti hii ni rahisi kuieleza na ngumu kuimaliza, na ndiyo inayomfanya Leibniz awe karibu kuliko wenzake na kazi za kila siku za mahakama, maabara na ofisi.

Hisi zina kazi gani

Wapo wanaosema kwamba wanafalsafa hawa walizidharau hisi. Si hivyo. Kila mmoja alizipa kazi, ila aliikatia mipaka.

Mfano maarufu wa Descartes ni kipande cha nta. Chukua nta mpya kutoka kwenye mzinga, kama ile inayobaki wakamuaji wa asali wa West Nile wanapomaliza kazi yao. Ina ladha ya asali iliyosalia na harufu ya maua, ina rangi na umbo lake. Ni ngumu na ya baridi, na ukiigonga kwa kidole hutoa sauti. Isogeze karibu na moto. Ladha hutoweka, harufu huruka, rangi hubadilika, umbo hupotea. Inakuwa ya majimaji na ya moto, na ukiigonga haitoi sauti tena. Kila ulichoambiwa na hisi kimebadilika, na bado unasema kwamba nta ni ile ile. Descartes anahitimisha kwamba nta yenyewe hukuijua kwa macho wala kwa ulimi, uliijua kwa hukumu ya akili. Lakini katika Tafakari ya sita anazirudishia hisi heshima yake: tumepewa ili zituambie kinachoufaa mwili na kinachoudhuru, kwa hiyo njaa, kiu na maumivu ni mashahidi wema katika shughuli hiyo.

Spinoza anazigawa namna za kujua katika ngazi tatu, na mfano wake ni wa wafanyabiashara na hesabu ya uwiano. Tuseme kilo 2 za maharage ni shilingi 8,000. Je, kilo 5 ni shilingi ngapi? Mchuuzi wa soko la Owino hukujibu shilingi 20,000 kabla hujafunga mkoba. Huenda alifundishwa njia hiyo utotoni akaishika bila kuuliza kwa nini, au huenda aliijaribu kwa namba ndogo mara nyingi akaona haikosei. Yote hayo ni ngazi ya kwanza, ya kusikia na ya uzoefu usiopangwa. Mwingine anaijua kwa sababu amesoma uthibitisho ulio katika kitabu cha saba cha Euclid. Hiyo ni ngazi ya pili, ya akili. Lakini ukiwapa watu 1, 2 na 3 na kuwauliza namba ya nne ya uwiano huo, kila mmoja anaona kwa mara moja kwamba ni 6, bila kufuata kanuni yoyote. Kuona huko ndiko ngazi ya tatu. Jibu linaweza kuwa sahihi katika ngazi zote tatu. Kinachotofautiana ni kuelewa, na mwalimu yeyote wa hisabati aliyewasikia wanafunzi wakiimba kanuni wasizozielewa atajua Spinoza anazungumzia nini.

Leibniz aliandika kitabu kizima cha kumjibu Mwingereza John Locke, ambaye alifundisha kwamba akili huanza tupu na kujazwa na uzoefu. Leibniz anakubali kwamba hisi ni za lazima kwa maarifa yetu yote ya mambo yalivyo, kisha anasema hazitoshi, maana hutoa mifano tu, na mifano haijalishi wingi wake haiwezi kuthibitisha kwamba jambo ni la lazima kila mahali. Anatoa mfano wa Wagiriki na Warumi, ambao siku zote waliona kwamba kabla saa 24 hazijapita mchana hugeuka usiku na usiku hugeuka mchana, na ambao wangekosea kama wangesema ni hivyo duniani kote, kwa kuwa waliofika Nova Zembla, kule Aktiki, waliona kinyume chake. Mfano huo unatugusa sisi tunaoishi juu ya ikweta kuliko ulivyomgusa yeye. Hapa jua huchomoza na kuzama karibu saa moja mwaka mzima, na mtu aliyezaliwa Mpigi akazeeka Mpigi ana ushahidi wa maelfu ya siku, wote ukielekea upande mmoja, wa kumwambia kwamba mchana ni wa saa 12. Mnajimu anajua sababu ya hali hiyo, na kwa kuwa anajua sababu anajua pia mahali ambapo haitakuwa hivyo.

Kosa linatoka wapi

Turudi Kayabwe tumsimamishe yule mgeni mbele ya kila mmoja.

Descartes angemwambia kwamba kosa limetokana na utashi wake. Katika Tafakari ya nne anaeleza kwamba tuna nguvu mbili: akili inayoona, ambayo ina mipaka, na utashi unaokubali au kukataa, ambao haujui mipaka. Kosa huzaliwa pale utashi unapokubali jambo ambalo akili haijaliona waziwazi. Mgeni aliona ua likizunguka, hapo hakukosea. Aliambiwa sababu asiyoiona, akaikubali. Angeweza kusema, “Nimeona ua likizunguka, lakini kwa nini limezunguka bado sijui,” na asingekuwa na kosa lolote. Nadharia hii inamfanya kila mtu kuwa mwenye dhamana ya imani zake. Kuamini jambo lisilothibitishwa kunakuwa karibu na dhambi, na dawa yake ni nidhamu ya kujizuia. Naiona kuwa ni nadharia yenye heshima kubwa kwa binadamu, na pia ngumu kuitimiza, kwa sababu maisha hayatusubiri mpaka kila kitu kiwe wazi. Descartes mwenyewe aliliona tatizo hilo, ndiyo maana alitenga utafutaji wa ukweli na mahitaji ya maisha ya kila siku, ambayo aliyaruhusu yaongozwe na yanayoelekea kuwa kweli.

Spinoza angekataa mwanzo wa maelezo hayo. Kwake hakuna utashi unaosimama pembeni ya akili ukisubiri kugonga muhuri. Kuwa na wazo na kulikubali ni tendo moja, na tunaacha kuliamini pale tu linapokuja wazo jingine lenye nguvu zaidi. Wazo la ua linalozunguka si la uongo. Uongo ni upungufu: mgeni hana mawazo ya sababu ambayo yangelikamilisha lile alilo nalo. Spinoza anatoa mfano wa jua, ambalo tukilitazama tunadhani liko umbali wa futi 200 hivi. Hata baada ya kujifunza umbali wake wa kweli, tunaendelea kuliona liko karibu, kwa kuwa namna linavyougusa mwili wetu haijabadilika. Vivyo hivyo aliyesoma fizikia akirudi Kayabwe ataendelea kuona kile kile alichokiona mwanzo. Kilichobadilika ni kwamba sasa ana wazo la jinsi maji yalivyomiminwa, na wazo hilo linalizuia lile la zamani lisitawale. Hapa hakuna wa kulaumiwa. Mwenye kosa hakutenda uovu, amekosa sehemu ya picha, na kumgombeza hakumsaidii kitu mpaka apewe sababu iliyopungua. Sijaona msingi bora wa ualimu kuliko huu, na mzazi anayemsaidia mtoto kazi ya shule angefaidika kuusoma. Ila bei yake ni kubwa, kwa maana ukiukubali unamwondolea pia aliyepatia sifa ya kuwa alichagua kupatia.

Leibniz angeanza na swali la kudadisi: kuna sababu gani tosha ya ua kuzunguka kuelekea upande huu na si ule? Mgeni ameona mambo mawili yakifuatana, mahali na mwelekeo, akayaunganisha. Wanyama pia hufanya hivyo, anasema Leibniz. Mbwa aliyepigwa kwa fimbo hukimbia akiiona fimbo tena. Na binadamu katika robo tatu ya matendo yetu tunaishi hivyo hivyo, kama matabibu wanaotibu kwa mazoea bila nadharia. Hasemi hayo kwa dharau, kwani bila mazoea hayo tusingeweza hata kupika chai. Anasema tu kwamba muunganisho wa kumbukumbu hufanana na akili bila kuwa akili, na njia ya kuutambua ni kutafuta mahali ambapo utavunjika. Hamisha beseni la kusini ulipeleke kaskazini na uyamimine maji kutoka upande wa pili. Kama ua litafuata mkono unaomimina badala ya mstari wa ikweta, umeipata sababu. Leibniz, kwa hiyo, ndiye pekee katika watatu hawa ambaye kwake jibu la kosa linaweza kuwa jaribio jipya linaloongozwa na akili.

Hoja inalegea wapi

Kila mmoja alipingwa mapema na watu makini, na msomaji anafaa kuyajua mapingamizi hayo kabla ya kuchagua.

Kwa Descartes, Antoine Arnauld aliuliza swali lililochapishwa pamoja na Tafakari zenyewe: ikiwa tunauamini uwazi wa mawazo yetu kwa sababu Mungu yupo, na tunajua kwamba Mungu yupo kwa sababu tunaliona hilo waziwazi, je, hatuzunguki duara? Mwaka 1643 Binti Mfalme Elisabeth wa Bohemia alimwandikia kuuliza jinsi nafsi, ambayo ni kitu kinachofikiri tu, inavyoweza kuusukuma mwili. Barua za Descartes za kumjibu ni za adabu na za uangalifu, lakini sidhani kwamba zinamaliza swali.

Kwa Spinoza ugumu uko kwenye fasili. Ukizikubali zile za mwanzo, mengi hufuata kwa nguvu isiyozuilika. Ukizikataa, uthibitisho haukugusi. Tena anafundisha kwamba hakuna linalotukia kwa bahati wala lingeweza kuwa vinginevyo, na wengi hushindwa kuishi na kauli hiyo.

Leibniz, aliyemtembelea Spinoza mjini The Hague mnamo Novemba 1676, alijitahidi maisha yake yote kuikwepa kauli hiyo hiyo, na wakosoaji wanauliza kama alifaulu: ikiwa kila tukio lina sababu tosha na Mungu huchagua lililo bora daima, je, bwawa la Owen Falls lingeweza kweli kuzinduliwa mwaka mwingine? Zaidi ya hayo, anafundisha kwamba ulimwengu umejengwa kwa monadi, chembe sahili zisizo na madirisha, ambazo hakuna kitu kinachoweza kuingia ndani yake wala kutoka. Baada ya kuzipa hisi kazi nzuri, anatuachia ulimwengu ambamo hakuna kinachokigusa kingine, isipokuwa vyote vimepatanishwa na Mungu tangu mwanzo.

Usomaji wenyewe

Descartes ndiye anayesomeka kwa urahisi zaidi. Hotuba yake juu ya njia ya kuongoza akili, ya mwaka 1637, aliiandika kwa Kifaransa ili isiwe ya wasomi wa Kilatini peke yao, na sehemu yake ya pili ina kanuni nne fupi: usikubali lisilo wazi, gawanya ugumu katika vipande, panda kutoka jepesi kwenda gumu, na hesabu kila kitu ili usiruke chochote. Tafakari ni sita na kila moja inasomeka kwa kikao kimoja. Hatari yake ni kwamba msomaji anafurahia shaka ya mwanzo, ambayo inasisimua, kisha anaachia njiani kabla ya Tafakari ya tatu ambapo ndipo kazi inapoanza.

Spinoza ni mgumu kuingilia na mtamu kukaa naye. Kusoma Maadili kutoka ukurasa wa kwanza humchosha anayeanza, kwa hiyo ninashauri aanze na kiambatisho cha sehemu ya kwanza, ambacho kimeandikwa kwa nathari ya kawaida na kwa moto mkubwa. Humo anazungumzia jiwe lililoanguka kutoka paani likamuua mpita njia, na watu wanaouliza bila kukoma kwa nini yeye, kwa nini saa ile, kwa nini upepo ulivuma, mpaka wakimbilie mapenzi ya Mungu kama kimbilio la kutojua. Waganda, Waacholi na Waswahili wote tumeyasikia maswali hayo matangani, na kurasa hizo hazitamwacha mtu alivyokuwa. Onyo moja la lazima: asifanye haraka ya kumlinganisha Mungu wa Spinoza na Jok wa Waacholi au Katonda wa Waganda. Okot p'Bitek, mzaliwa wa Gulu, aliwakemea kwa haki wasomi waliowavika miungu ya Waafrika mavazi ya Kigiriki, na kuwavika ya Kiholanzi hakutakuwa bora.

Leibniz hana kitabu kimoja kikubwa kinachokusanya mafundisho yake yote. Aliandika maelfu ya barua na makala fupi. Monadolojia ya 1714 ina aya 90 fupi na inamalizika kwa jioni moja, lakini ni muhtasari uliobanwa mno, na anayeusoma kwanza huona mafumbo matupu. Mlango mzuri zaidi ni dibaji ya Insha Mpya, kile kitabu cha kumjibu Locke, ambamo mfano wa mchana na usiku unapatikana.

Tafsiri za Kiingereza za kale za maandishi haya yote hazina tena hakimiliki na hupatikana bure kwenye intaneti, kwa hiyo bei ya kitabu haipaswi kuamua uchaguzi.

Ukiwa katika hali hii, chukua huyu

Kama una mtihani au insha ya darasani, anza na Descartes hata kama hakuvutii, kwa sababu wengine wawili wanamjibu yeye. Mwaka 1684 Leibniz alilalamika kwamba kanuni ya uwazi na upambanuzi haitufai mpaka tuambiwe alama za uwazi na upambanuzi wenyewe. Pingamizi hilo halieleweki kwa asiyemsoma Descartes.

Kama kinachokusumbua ni habari za simu, jumbe zinazosambazwa kwenye makundi ya WhatsApp na uvumi wa kisiasa, Descartes anakufaa pia, hasa Tafakari ya nne na zile kanuni nne. Atakufundisha kusema “bado sijui” bila aibu.

Kama unafundisha hisabati, au unaishi na hasira, wivu au hofu unayotaka kuielewa kabla ya kuishinda, chukua Spinoza. Sehemu za tatu hadi tano za Maadili zinazichambua hisia hizo kwa utaratibu ule ule unaotumika kwa mistari na maumbo. Mtu wa dini anaweza kumsoma bila woga, ila ajue mapema kwamba jamii yake ya Kiyahudi ilimtenga mwaka 1656 akiwa na miaka 23, na kwamba pingamizi dhidi yake halikutoka kwa wajinga tu. Descartes naye aliiandikia Sorbonne kuomba ulinzi wa wanateolojia, na bado maandishi yake yaliwekwa kwenye orodha ya Kanisa ya vitabu vilivyokatazwa mwaka 1663.

Kama wewe ni muuguzi, wakili, mkaguzi wa hesabu au afisa kilimo, mtu ambaye kazi yake ni kuamua kwa ushahidi usiokamilika, Leibniz atakuwa rafiki yako. Alisomea sheria, na alidai kwamba mantiki mpya itungwe ya kupima viwango vya uwezekano. Anamfaa vilevile mseminari au mchungaji anayetaka akili na imani zikae meza moja. Alifanya kazi miaka mingi kutafuta upatanisho wa Wakatoliki na Waprotestanti, na katika nchi ambayo makundi hayo mawili yalipigana Mengo mwaka 1892, juhudi hiyo inastahili kuangaliwa kwa makini.

Kama mnasoma kwa kikundi, chagueni barua za Elisabeth na Descartes. Mmoja asome za mwanamke, mwingine za mwanamume, na wengine waamue baada ya kila barua kama swali limejibiwa.

Na kama unashuku kwamba wote watatu wameipa akili zaidi ya haki yake, usianze na yeyote kati yao peke yake. Chukua kitabu cha Locke, Insha Kuhusu Fahamu ya Binadamu, na Insha Mpya ya Leibniz uvisome sambamba, sura kwa sura. Leibniz aliandika kitabu chake kama mazungumzo ya watu wawili, Philalethes anayesema maneno ya Locke na Theophilus anayemjibu, akikifuata kitabu cha mpinzani wake kwa mpangilio ule ule. Locke alifariki 1704 kabla kazi hiyo haijatoka, Leibniz akaiweka kando, na haikuchapishwa mpaka 1765. Anzia kitabu cha kwanza, kile cha mawazo ya kuzaliwa nayo: soma sura ya Locke mpaka mwisho, andika jibu lako mwenyewe, ndipo umfungue Theophilus.